Pua ya Kuwekea Miwani

Tuelewane mapema: nilipokaa kwenye kile kiti cha hospitali, pua yangu ilikuwa safi. Ilikuwa imefutwa ikafutika. Nalisema hili mwanzo kwa sababu mume wangu akiwasimulia watu kisa hiki huanzia pale pua ilipowaka, na akianzia hapo mimi ndiye naonekana kituko.

Mimi nilizaliwa na ualbino. Mimi na jua hatupikiki chungu kimoja tangu utoto wangu, na macho yangu bila miwani hayatofautishi kondoo na mto wa kulalia. Lakini nikishavaa miwani, nipe kitambaa chochote na cherehani, uone. Kazi yangu ni ushonaji. Mume wangu ni fundi baiskeli. Tuna kibanda kimoja chenye milango miwili: mimi nimekaa ndani kivulini na nguo za watu, yeye yuko nje na grisi yake, na katikati yetu kuna dirisha la kurushiana maneno. Yeye ananiita Bi Sindano. Mimi namwita Mzee Spoki. Wateja wengine huja na nguo isiyo na tatizo lolote, wakae tu wasikilize.

Kidonda kilianza ubavuni mwa pua, upande wa kushoto, pale panapokaa kile kikanyagio kidogo cha miwani. Nikajua miwani ndiyo inanibana. Mzee akaichukua, akaipinda kwa koleo. Kidonda hakikupona. Akaipinda tena, akaipinda na tena, mpaka nikawa naiona dunia imeinama kama meza yenye mguu mfupi, na kidonda kiko palepale, kinakauka, kinavuja, kinakauka. Mkwe wangu ndiye aliyenishika mkono akanipeleka hospitali. Daktari wa ngozi akachukua kipande kidogo, wakakipima, tukaitwa. Akasema ni saratani ya ngozi, ya ile aina inayotambaa polepole.

"Afadhali," Mzee Spoki akasema, "maana mwenyewe naye hajawahi kuwahi popote."

Daktari alikuwa mrefu mwenye kipara kinachong'aa, mpole, na siku ile bado hajatuzoea. Akamtazama mume wangu, akanitazama mimi, akaendelea. Alisema watajaribu taa kwanza. Wanakupaka dawa pale kidondani, wanafunika, unakaa mpaka ile dawa iingie kwenye chembechembe za ugonjwa, kisha wanakumulika kwa taa nyekundu, na ule mwanga unaziunguza zenyewe bila kuigusa ngozi nzima. Nikasema niko tayari. Na kweli nilimulikwa. Ilichoma kama mtu ananipaka pilipili kwa brashi ya rangi, huku mzee wangu amenishika mkono akiniambia nivumilie, bado upande mmoja haujaiva.

Lakini kabla hatujaondoka siku ile, daktari alisema neno moja ambalo lilikaa na mimi miezi yote iliyofuata. Alisema ngozi ya juu inaweza kupona ikadanganya. Itabidi nirudi, watazame kwa mashine kama chini kuna mizizi iliyobaki. Ikiwepo, hapana tena taa, ni kisu. Na kisu kikipita pale, kitaondoka na ngozi na kipande cha gegedu, ule mfupa laini wa pua.

"Na miwani itakaa wapi?" nikauliza.

Akaitazama miwani yangu. "Miwani itabidi isubiri, bibi. Na pengine isikae tena kama ilivyokaa."

Basi unaona mwenyewe. Mwingine akikatwa pua analilia uzuri. Huko mimi nilishapita na nauli sikurudishiwa. Mimi nililia kazi. Bila pua hakuna miwani, bila miwani hakuna uzi unaoingia kwenye tundu la sindano, na bila uzi mimi ni bibi wa kukalishwa kwenye kiti na kuulizwa kama nimekula.

Na mume wangu? Mizaha tu. "Usijali, Bi Sindano, nitakuwa nakushikia miwani. Mkono huu miwani yako, mkono huu pampu ya mteja." Siku nyingine: "Wakiikata, waombe watupe kipande, nimfungie mtoto wa jirani kwenye kengele." Nilicheka. Nimecheka naye maisha mazima, siwezi kuacha sasa. Lakini kuna jioni nilitamani aweke koleo chini aniulize tu, mke wangu, unaogopa? Hakuuliza. Alikuwa akimaliza kula anarudi kibandani, nasikia anagonga chuma, kong, kong, nami nikasema moyoni, haya, mwenzangu kazi inamhangaisha kuliko pua yangu.

Siku ya kurudi hospitali ikafika. Nilivaa gauni langu la samawati. Mzee alijitokeza amevaa suruali yake nyeusi ya kwendea watu, na kwapani kabeba mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira wa tyubu.

"Umebeba nini?"

"Mambo yangu."

"Mambo gani yanayokwenda hospitali?"

"Bi Sindano, leo wanapiga picha pua yako, si mfuko wangu."

Nikamwacha. Nikadhani ni kipande cha baiskeli ya mtu, cha kupitisha dukani tukirudi. Lakini mfuko wenyewe aliubeba kama yai. Kwenye basi aliupakata. Mlangoni hospitalini, mlinzi alipotaka kuukagua, alimpeleka pembeni wakanong'ona, na mlinzi akarudi anauma mdomo asicheke. Hilo nililiona, nikaliweka akiba.

Kule ndani tulipokelewa na binti mmoja mdogo wa umri kama mjukuu wangu wa kwanza, mwenye koti jeupe, ndiye mwenye mashine za picha. Sauti yake tamu, mikono yake ya uhakika. Alinipaka ile dawa puani, akafunika kwa plasta, akatuambia tukae kwenye benchi mpaka atuite. Dawa ina mwendo wake. Tukakaa. Mzee alisinzia juu ya mfuko. Nilijaribu kuuvuta taratibu, akasema bila kufumbua macho, "Nakuona."

Alipotuita, binti alinikalisha, akabandua plasta, akanifuta pua kwa pamba yenye maji, akafuta tena, akatazama kwa kioo cha kukuzia.

"Sasa, bibi, naomba usiiguse pua. Hata ikiwasha. Nawasha kompyuta, kisha nazima taa za chumba, nakumulika kwa taa ya bluu. Penye ugonjwa, ile dawa itawaka rangi ya waridi kwenye kioo. Pasipo na ugonjwa, hapawaki."

"Na hukati popote?" nikauliza.

"Sikati. Sitoboi. Zamani ungekatwa kipande kila tukitaka kujua. Siku hizi tunachungulia tu."

"Chunguliaa!" akasema Mzee. "Uwe mwangalifu, mwanangu, humo kuna maneno mengi."

Binti akacheka, akatupa kila mmoja miwani ya njano ya kukinga macho, mikubwa. Mzee akaivaa yake papo hapo, akafanana na nzi aliyestaafu. Mimi nikaishika mkononi, nikavaa kwanza miwani yangu mwenyewe ili nione ninakopelekwa.

Na hapo ndipo nilipoliona lile koti.

Binti alikuwa amesimama ananipa mgongo, anabonyeza kompyuta. Koti halikuwa lake. Ungejua hata gizani. Mabega yamemwagika, na pindo la chini limeachia mshono karibu lote, halafu, Mungu nisamehe, limebanwa kwa pini za stepla. Za kubania karatasi! Nyingine zimefunguka, zinamkwaruza soksi. Mtu anayetazama ndani ya pua za watu kwa mwanga, anatembea na pindo la stepla.

Mikono yangu haikuniuliza. Mimi chaki hukaa mfukoni mwa gauni kama watu wengine wanavyokaa na simu, ya rangi mbili, nyeupe ya nguo nyeusi na ya waridi ya nguo nyeupe. Nikatoa ya waridi, nikainama kitini, nikaanza kuliwekea alama pindo, vijistari vidogo, pale litakapokunjwa. Niliinama kushoto, nikainama kulia. Binti akisogea hatua, nami nasogea na kiti. Kilikuwa na magurudumu, raha tupu. Mzee Spoki alikuwa ananikodolea kwa yale macho ya nzi, ananikonyeza niache, ananionyesha ngumi. Nilipomaliza, vidole vimejaa chaki, gauni langu la samawati sikutaka kulichafua, nikavipangusia gotini kwake. Akataka kupiga kelele, nikamwinulia kidole cha shahada anyamaze. Kisha nikaipandisha miwani yangu puani, maana kwa kule kuinama ilikuwa imeteleza. Kwa kidole hichohicho. Ndivyo ninavyoipandisha kila siku ya Mungu.

"Tayari, bibi?"

"Tayari, mwanangu." Nikavua miwani yangu, nikavaa ya njano, nikakaa kama mtu aliyekuwa ametulia muda wote.

Taa za chumba zikazimwa. Ile ya bluu ikawashwa, mwanga wake baridi kama wa mlango wa friji. Nilimsikia binti anasogeza kitu, kikalia tik. Kisha kimya.

Kimya cha hospitali nakijua. Fundi naye anacho: nguo ya mteja inapokuwa imekatwa pabaya, hata mkasi hausemi.

"Vipi, mwanangu?"

"Subiri kidogo, bibi."

Tik tena. Tik.

"Inawaka?" nikauliza.

Halafu akasema, kwa ile sauti yao ya kushika kitu kisianguke, "Kuna mahali panawaka. Ubavuni upande wa kushoto, na juu kidogo. Nataka daktari aone mwenyewe."

Akageuza kioo ili nione. Mimi kwa mbali nisingeona tembo, lakini lile niliona: alama ya waridi, nono, palepale. Tena kubwa kuliko kidonda chenyewe kilivyokuwa. Nikaanza kuhesabu nguo zilizoko kibandani ambazo sijazimaliza, nani nitampelekea, nani ana mkono mzuri wa kola. Gauni la bibi harusi la jirani lingekwenda kwa yule fundi wa kona ambaye mikono ya nguo zake hukaa kama ya askari anayepiga saluti.

Nikangoja Mzee Spoki aseme kitu. Kengele, pampu, chochote. Hakusema. Nikamtafuta kwa macho nikaona kivuli tu, kimeukumbatia ule mfuko kwa mikono miwili. Maisha yetu yote sijawahi kukisikia kinywa cha mume wangu kikikosa neno. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Daktari alikuja, kipara chake hata kwenye giza lile kikashika ubluu kidogo. Akanisalimia, akavuta stuli, akatazama kioo, akatazama pua, akatazama kioo.

"Mbona kingo zake ziko hivi," akajisemea. "Sogeza taa karibu, tafadhali."

Binti akazunguka kuja kuishika taa. Na alipopita mbele ya ule mwanga, koti lake likawaka.

Sitii chumvi. Kutoka mbele mpaka nyuma, kwenye pindo, vijistari vya waridi kimoja baada ya kingine, vizuri, vimenyooka, kama taa za barabarani ukiziona kutoka mlimani. Nilijivunia kidogo, sifichi. Kisha moyo ukanipasuka.

Daktari alitazama chini. Akatazama muda.

"Binti," akasema taratibu, "koti lako limeanza kuumwa lini?"

"Koti?" Binti akajipinda kujitazama, akapiga ukelele, akaruka, na vile vijistari vikaruka naye.

"Jamani!" Ni sauti ya Mzee. Tukageuka. Alikuwa amenyoosha mguu mbele ya taa, na gotini kwenye suruali ya kwendea watu kuna vidole vyangu vinne vinawaka, wazi kama umepiga muhuri. "Daktari, nami ninayo! Imeshafika kwenye suruali!"

"Bibi," akasema daktari, "hebu nionyeshe mkono."

Nikauficha nyuma.

"Bibi."

Nikautoa. Kidole cha shahada kiliwaka chote kama njiti ya kiberiti.

Hapo hapakuwa na wa kumtetea mwenzake. Binti ndiye aliyeanza kucheka, akajizuia, akashindwa, akaketi chini kabisa kwenye sakafu na koti lake la nyota. Daktari alicheka kimyakimya, mabega tu yanatikisika. Mzee Spoki alicheka mpaka ile miwani ya nzi ikamwanguka, na katikati ya kucheka nikamsikia anavuta pua, mara mbili, kwa nguvu. Nikajifanya sikusikia.

"Nilikuambia usiiguse pua," binti akasema.

"Sikuigusa. Niligusa miwani."

"Na koti langu je?"

"Koti lako mwanangu liliomba lenyewe. Stepla! Mama yako akikuona?"

"Mama yangu ndiye aliyezibana."

"Basi nitazungumza naye."

Daktari akawasha taa za chumba, akasema kumbe rangi ya chaki ile nayo huwaka kwenye taa ya bluu, akaagiza mikono yangu ioshwe kwa sabuni, chaki zote mbili ziwekwe juu ya meza mbele ya macho yake, na mimi nikae kama nimepigwa picha ya kitambulisho. Binti akanifuta pua upya, safari hii kwa utaratibu wa mtu anayeosha chombo cha mgeni. Akamwambia Mzee anishike mikono yote miwili. "Hii ndiyo kazi niliyozaliwa nayo," akasema, akanishika. Viganja vyake vilikuwa na jasho.

Giza. Bluu. Tik.

"Hapawaki," akasema binti.

"Popote?"

"Popote, bibi. Pua yako ni giza tupu."

"Hayo ndiyo maneno matamu ya kwanza kuambiwa pua hiyo," akasema Mzee Spoki, lakini mikono hakuniachia.

Daktari alisema tusishangilie bado. Ile taa inatazama juu tu, na sisi tulikuwa tunatafuta mizizi. Tukahamia kwenye mashine ya pili. Hiyo ina kijishikio kama kalamu nene, wanakupaka ute baridi, wanakigusisha puani kidogo tu, na chenyewe kinatuma mwanga ndani ya ngozi, mwanga unarudi, na kompyuta inachora huo mwanga ulikopita.

"Kama ile ya wajawazito?" nikauliza.

"Ile inatumia sauti, hii inatumia mwanga. Lakini wazo ni lilelile."

"Basi tuambie," akasema Mzee, "wa kiume au wa kike?"

"Leo, babu, tunaomba asiwepo kabisa."

Binti akanisogezea kioo karibu, akaniruhusu nivae miwani yangu, kwa kuishika yeye mwenyewe kwenye mikono yake, mimi marufuku. Nikaona. Jamani, niliona ndani ya pua yangu! Mstari mmoja mwembamba juu, chini yake mwingine mnene wa kijivu, chini yake tena mwingine, imelaliana. Akanieleza kwamba ugonjwa ukiwepo unaonekana kama mafundo meusi kati ya zile tabaka, yanayozivuruga.

"Ni kitambaa na bitana," nikasema. "Mafundo yakiwa kati, nguo haikai."

"Ndiyo hivyo hasa."

Akasogeza ile kalamu taratibu, na tabaka zikawa zinapita kwenye kioo kama kitambaa chini ya mguu wa cherehani. Kitambaa, bitana. Kitambaa, bitana. Kisha doa jeusi. Mkono wa Mzee ukanibana mpaka mifupa ikalia.

Binti akasimama. Daktari akainamia kioo.

"Hicho ni kishimo cha unywele," akasema daktari. "Kila pua inavyo. Endelea."

"Unywele?" akasema Mzee, akashusha pumzi ndefu. "Daktari, wewe unamkuta na nywele mpaka ndani ya pua, na mwenyewe juu huna hata mmoja. Hii dunia haina usawa."

"Mzee!" nikamfokea. Lakini daktari alijipapasa kipara akasema ni kweli, haina.

Walipita pote, kwa urefu na kwa upana, hata pale kikanyagio cha miwani kinapokaa. Mafundo hayakuwepo. Palikuwa na mahali pamoja ngozi imekaza kidogo, daktari akasema ni kovu la ile taa, kama kiraka kilichoshonwa vizuri, halina neno. Akazima mashine, akanigeukia.

"Hatukati, bibi."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilitaka kusema ahsante, likatoka "Eeh." Nikasema tena, "Eeh."

"Lakini utarudi. Hatujakupa talaka. Kila baada ya miezi kadhaa tutachungulia tena, maana ugonjwa huu una tabia ya kubisha hodi mara ya pili. Na jua ulikimbie kweli. Hicho kitambaa cha kichwa hakikingi pua. Nataka kofia yenye ukingo mpana. Unayo?"

"Sina. Nitashona."

Mzee Spoki akakohoa. Akakohoa tena, akatazama dirisha.

Nikamtazama yeye, nikautazama mfuko. Safari hii nilipounyakua hakuuvuta. Nikaufungua ule mpira wa tyubu.

Ilikuwa kofia. Ya ukili, ukingo mpana, mpya. Na kutoka kwenye ukingo, mbele, zimeshuka spoki mbili za baiskeli zilizopindwa kwa ustadi kama shingo za korongo, ncha zake zimeviringishiwa raba laini ya tyubu zisinikwaruze, na mwishoni zimeshika miwani yangu ya zamani, ile niliyodhani imepotea. Kwa nyuma kaweka skrubu ndogo ya kupandishia na kushushia. Nikaivaa. Miwani ikaja ikasimama mbele ya macho yangu, sawasawa, kwenye hewa. Haikugusa pua hata chembe.

Binti alikuwa ameziba mdomo.

"Umeitengeneza lini?" nikauliza.

"Tangu aliposema kisu." Alikuwa anaisemesha sakafu. "Ya kwanza ilikuwa nzito, ingekuinamisha. Ya pili ilitikisika. Hii ndiyo imekaa. Spoki zenyewe hazishiki kutu maisha, hizo ni za baiskeli ya mashindano."

Kumbe kong, kong ya jioni ilikuwa hii. Nikamtazama mume wangu kupitia miwani iliyoning'inia hewani, na nilimwona vizuri sana.

"Kwa hiyo," nikasema, "miezi yote wewe ulikuwa umeshaniuza kwa kisu."

"Nilikuwa najiandaa. Fundi hangoji tairi lipasuke."

"Upande wa kushoto umepinda."

"Haujapinda, ni kichwa chako."

"Umepinda, Mzee."

"Nitaunyoosha," akasema, akacheka, akajifuta uso kwa mkono wote.

Daktari akasema ukingo unatosha kabisa kwa jua, na akauliza kama spoki zinaweza kung'olewa sasa, maana pua imebaki. Mzee akaanza kutafuta koleo mfukoni. Nikampiga kibao mkononi. Nikamwambia binti avue koti. Nikachomoa sindano yangu begani, nikatunga uzi palepale nikiwa na ile kofia, uzi ukaingia mara moja kama uliokuwa ukinisubiri, nikazing'oa pini za stepla zote nikazimwaga kwenye sahani yao ya chuma, na nikalipiga pindo kufuata alama zangu za waridi. Binti akasimama na fulana yake, ananing'inia begani mwangu kutazama. Daktari aliondoka, akarudi akidai amesahau kalamu, akaniomba nimtazamie na kifungo chake.

Sasa ninashona kama zamani, miwani yangu imekaa puani, mahali pake. Kofia naivaa nikitoka. Nikiwa kibandani huning'inia kwenye msumari juu ya cherehani, na spoki zake mbele. Kila asubuhi, kabla hajafungua sanduku lake la vyombo, Mzee Spoki anapita upande wangu, anaishusha, anakaza ile skrubu ya nyuma, anazipaka spoki mafuta kidogo, anairudisha. Nikimwuliza anafanya nini, anasema anazuia kutu.

Nami nisiyesahau kwamba zile spoki hazishiki kutu maisha, nainamia nguo ya watu, naipandisha miwani yangu kwa mgongo wa mkono, na kumwambia asikaze sana.